Kuta za kale zipigwe lipu ya chokaa

Ndugu Mhariri,

Wanaokarabati majengo ya zamani Iringa na Tukuyu wautazame mji wa Vigan, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino, karibu na bahari. Mhispania Juan de Salcedo aliuanzisha 1572. Mwaka 1999 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Nyumba zake za kale ni matofali chini, mbao juu, na madirisha ya magamba membamba ya chaza aitwaye kapis yanayopitisha mwanga kama kioo. Matofali yalipigwa lipu ya chokaa.

Hapo ndipo sisi tunapoharibu. Saruji juu ya tofali la kuchoma la kale hufungia unyevu ndani. Tofali hulainika, humenyeka, na lipu hubanduka nalo. Chokaa hupumua. Iliyozimwa, yaani iliyokwisha kuchemka ndani ya maji, ikae ndani ya maji wiki tatu au zaidi, kisha changanya debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya mchanga uliochekechwa. Lowesha ukuta kwanza. Tabaka lisizidi sentimita 1, na lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa, maana likikauka haraka hupasuka. Juni na Julai subirini: baridi yetu huchelewesha chokaa kukaza.

Mafundi uashi,
Iringa