YAH: KUFUNGA MUHULA, NA WATOTO WADOGO KUHESABU HELA

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam. Tunafunga Ijumaa. Ripoti zifuateni wenyewe kwa walimu wa madarasa. Vyoo vimekamilika, ahsanteni kwa nguvu kazi.

Ambao hamkufika kwenye soko la Darasa la Pili mmekosa jambo. Chini ya mwembe watoto walipanga nyanya kwa mafungu, dagaa kwa vikombe, na hela ilikuwa ya kweli. Mgeni wetu alichukua nyanya za 700, akatoa noti ya 1,000. Binti muuzaji, ana miaka minane, akamwekea sarafu za mia kiganjani mojamoja: "Nyanya mia saba... mia nane, mia tisa, elfu." Hakuangalia vidole wala hakumtazama mwalimu wake. Mwaka jana binti huyu alikuwa anaimba namba tu bila kujua anachokiimba. Nilifurahi mno, na walimu wake nawapongeza mbele yenu.

Sasa lililoniudhi. Wiki hiyohiyo wavulana wa Darasa la Tano walikutwa wakiwaambia watoto wa Awali, "Nipe hiyo moja, nikupe tatu." Mtoto anatoa sarafu ya 500, ile yenye nyati, anapewa tatu za 50 zenye kifaru, anaondoka anacheka. Huo ni wizi, msiniambie ni utoto. Wazazi wao nimewaita na hela imerudi.

Lakini na ninyi wa Awali nawauliza. Mtoto wa miaka mitano huona wingi wa sarafu, thamani haioni mpaka aonyeshwe. Nani kati yenu amempangia mkekani sarafu kumi za 50 kando ya moja ya 500, akamwambia hizi na hii ni sawa? Mnamfungia hela kwenye karatasi, "mpe Mangi wa dukani, anajua mwenyewe." Chenji ikirudi inatupwa kabatini. Wengine mnalipa kila kitu kwa simu, mtoto hata sarafu haijui. Ukimtuma chumvi, muulize kabla hajatoka mlangoni: itarudi ngapi? Akirudi, aihesabu mbele yako. Na ukisema jero au buku, mtajie pia kwamba ni mia tano na elfu moja, maana darasani ndivyo tunavyosema.

Utoro. Giza likiingia ziwani, mitumbwi ya dagaa ikatoka na taa zake, asubuhi madawati yangu yako wazi. Watoto wako mwaloni wanaanika. Mzazi mmoja alinijibu kwamba huko ndiko mtoto anakojifunza hela. Nikamwuliza mtoto: ndoo tatu unalipwa ngapi? "Anapokea mama." Basi anajifunza kubeba ndoo. Muhula ujao, atakayekosa siku tatu bila taarifa jina lake linakwenda kwa mtendaji wa mtaa.

Mchango wa uji: ambao hawajamaliza wanajijua. Mtoto sitamrudisha nyumbani, mzazi nitamfuata.

Siku ya kufungua, watoto wote wa Awali na Darasa la Kwanza watapangiwa sarafu mezani. Nitakaa nao mwenyewe.

Mwalimu Mkuu