Kushusha thamani ya gari si dawa ya bima ghali

Mhariri,

Vijana wengi hapa Tabora wakiona ada ya bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, imewazidi, hukimbilia kushusha thamani ya gari kwenye fomu. Ni mtego. Gari la shilingi milioni 15 likitozwa asilimia 3.5, ada ni 525,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, jumla 619,500. Ukiandika milioni 10 unaokoa kama laki mbili. Lakini likigongwa na matengenezo yakafika milioni 3, kwa kanuni ya uwiano, yaani kulipwa kwa kadiri thamani uliyoandika inavyolingana na thamani halisi, utalipwa milioni 2 tu, tena kabla ya kukatwa kile kiasi unachobeba mwenyewe. Na kiasi hicho, katika mikataba mingi, huongezwa kwa dereva mwenye umri mdogo au leseni changa. Soma masharti kabla ya kulipa. Wakala mwenye haraka hatakusomea.

Kumwandikisha baba kuwa dereva ilhali usukani ni wa kijana kunaweza kufanya dai likataliwe.

Bima ndogo, inayolipia hasara za wengine tu, ni nafuu, ila haitengenezi gari lako. Ukishalipa, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, siku hiyo hiyo. Isipoonekana, mrudie wakala kabla hujawasha gari.

Msomaji,
Ipuli, Tabora