Wanawake wanaambiwa waongeze masaa ya kazi, halafu sheria inawakata

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hii ishu ya nchi zinazozeeka, yaani wazee wanazidi na wachangiaji wa pensheni wanapungua, maana kila ikiongelewa naona watu wanakimbilia mambo mawili tu, ama umri wa kustaafu upandishwe ama kodi iongezwe, na wanawake wanatajwa mwisho mwisho kabisa kana kwamba wamekaa tu wanasubiri kuitwa.

Chukueni Japani. Karibu watu 3 kati ya 10 wana miaka 65 na kuendelea, deni la serikali limepita mara mbili ya pato la taifa, kodi ya matumizi (ile ya kwenye manunuzi, kama VAT) imetoka asilimia 3 mwaka 1989 mpaka 10 mwaka 2019 na bado hela haitoshi. Wanawake wameingia kazini kwa wingi kweli, Shinzo Abe akiwa waziri mkuu alilivalia njuga hilo kuanzia 2013, ila zaidi ya nusu ya walioajiriwa hawana ajira ya kudumu, wengi ni wa masaa machache.

Kwanini? Sheria zenyewe! Tangu 1986 mke wa mfanyakazi wa kampuni ambaye kipato chake kwa mwaka hakifiki kiwango fulani, siku hizi kwa kawaida yeni milioni 1.3, anapata pensheni ya msingi bila kuchangia hata senti, bima ya afya anaingia kwa mumewe. Akivuka hapo kidogo tu makato yanaanza, anajikuta anabaki na hela pungufu kuliko kabla hajaongeza zamu. Sasa nani ataongeza? Ikikaribia mwisho wa mwaka wanapunguza zamu, mwajiri analia hana watu, mfuko wa pensheni nao unalia hauna wachangiaji. Mimi huyo mama simlaumu hata kidogo, hesabu zake ziko sawa, za serikali ndo haziko sawa.

Na si Japani peke yake, Ujerumani mpaka leo kodi ya mume na mke inapigwa kwa kuunganisha mapato yao tangu 1958, kwahiyo mwenye mshahara mdogo, ambaye mara nyingi ni mke, anakatwa sana kwa kila anachoongeza. Uswidi walishaachana na hayo tangu 1971, kila mtu anatozwa kivyake.

Halafu kuna suala la wazazi. Mama wa miaka 50 akiacha kazi ili amuuguze mzazi wake au wa mumewe, serikali inapoteza kodi yake, mfuko unapoteza michango yake, na akizeeka pensheni yake inakua ndogo mpaka asaidiwe na serikali ile ile. Lakini kwenye bajeti huduma za wazee na za watoto zinaandikwa kama gharama tupu, kile ambacho huyu mama angelipa kama angebaki kazini hakionekani popote. Jimbo la Quebec kule Kanada waliposhusha ada za kulea watoto mwaka 1997 akina mama wengi walirudi kazini na kodi zao zikaingia.

Kwahiyo waziri yeyote wa fedha anayetaka kupandisha umri wa kustaafu atuwekee kwanza mezani hiyo hesabu: ni wanawake wangapi sheria zake zinawazuia kufanya kazi, na hazina inakosa shilingi ngapi kwa ajili hiyo.

Msomaji wenu