Vijana wanaojijeruhi wasiadhibiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari mliyochapisha kuhusu vijana wanaojijeruhi kwa makusudi bila nia ya kujiua. Nimesikitishwa na maoni ya baadhi ya wasomaji kwamba huo ni utovu wa nidhamu na dawa yake ni kuwafukuza shule.

Tabia hii mara nyingi huanza katika umri wa miaka 12 hadi 14, na mambo yanayomweka kijana hatarini yanafahamika: kunyanyaswa au kutelekezwa utotoni, kuonewa na wenzake, sonona, wasiwasi uliopitiliza. Zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kushindwa kuhimili hisia kali. Asiye na njia nyingine ya kuzituliza hujijeruhi na kupata nafuu ya muda mfupi, kisha aibu humvaa na dhiki hurudi palepale. Adhabu humwongezea aibu hiyohiyo. Mwanafunzi anayeng'ang'ania sweta wakati wa joto kali na kukataa kuvaa nguo za michezo hatafuti kuonekana hata kidogo, huenda anaficha majeraha. Wala tusilipuuze tatizo hili kwa kuwa kijana hana nia ya kufa, maana kujijeruhi huongeza uwezekano wa kujaribu kujiua baadaye.

Napendekeza kila shule iwe na mshauri nasaha aliyefunzwa. Mwalimu akiona dalili, azungumze na mwanafunzi faraghani, amsikilize bila kumfokea, kisha amfikishe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Wazazi washirikishwe, ila kwa uangalifu, kwani wakati mwingine chanzo kiko nyumbani.

Mwalimu na mzazi