Wanaolala nje Kariakoo wapewe pa kuoga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Tangu mwanzoni mwa Desemba, kila Jumamosi alfajiri, vijana saba wa kanisa letu hapa Buguruni tunapeleka uji na maandazi Kariakoo kwa wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Wengi ni watoto.

Jumamosi ya tatu, mvulana wa kama miaka 14 alipokea kikombe asinywe. Akaniuliza, "Dada, sabuni hamna?"

Nilidhani anataka kunawa. Kumbe riziki yake ni kubeba mizigo, na wateja wakimsogelea tu wanaziba pua, wanamwita mwingine. Bafu la kulipia lililo karibu ni shilingi 500 na hufunguliwa saa moja asubuhi, wakati mizigo inaanza kushuka saa kumi na moja. Asipooga hapati kazi, asipopata kazi hana ya kuogea. Kaptula yake ilikuwa imekakamaa kwa jasho na vumbi. Nami nakiri, nilikuwa nimesimama hatua mbili mbali naye, na alikuwa ameshaliona hilo.

Wiki iliyofuata tulikata sabuni za mche vipande kwa uzi, tukakodi guta la kubeba madumu sita ya maji. Uji ulipoa, hakuna aliyeugusa kabla ya kunawa. Yule mvulana alijisugua shingo na masikio kwa muda mrefu, akamwaga beseni, akaomba tena. Mlinzi wa duka akatufukuza kwa kulowesha kibaraza. Simlaumu, maji yale hayakuwa na pa kwenda.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wake. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa jiji letu: vyoo na bafu za umma karibu na soko zifunguliwe saa kumi alfajiri, na watoto hawa waoge bure. Sabuni tutachangishana sisi.

Jumamosi hii tutarudi na madumu yetu sita. Mara ya mwisho niliwahesabu, walikuwa 34.

Msomaji wako,
Buguruni, Dar es Salaam