Azola mpeni bata, msiimwage mtaroni

Mhariri,

Nina neno na wenzangu wa Lindi waliochimba vibwawa vya mapambo uani. Mimea inayoelea ikijaa, wengi huikomba na kuimwaga mtaroni, na mvua ikinyesha mitaro ya huku Mingoyo humimina Mto Lukuledi.

Mimi ni mfuga bata. Azola, mmea mdogo unaoelea majini, naipanda makusudi, kwenye shimo nililolitandika nailoni chini ya mwembe, maji kina cha shibiri moja na samadi ya mbuzi kidogo. Kivuli ni lazima. Jua letu la Novemba likiipiga hugeuka nyekundu na kudumaa. Ikipata raha huongezeka maradufu kwa siku chache, basi kila asubuhi naiopoa kwa chujio, naisuuza harufu ya samadi itoke, kisha naichanganya na pumba za mahindi. Bata hawasubiri niweke karai chini. Kuku walisusa mwanzoni (kuku wana maringo), sasa wanagombania. Ila isiwe chakula pekee, maana karibu yote ni maji: ndoo nzima ikikauka unabaki na konzi.

Inayozidi ni mbolea. Ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana wakulima wa mpunga wa China na Vietnam wameitumia tangu enzi za mababu zao. Naianika inyauke, halafu naipanga tabaka kwa tabaka na majani makavu ya mkorosho, la sivyo inakuwa uji unaonuka.

Gugumaji, lile la maua ya zambarau, ni habari nyingine. Kuna muuza maua aliyepita kwangu akilinadi kama urembo wa bwawa. Nikamwambia aende nalo. Asili yake Amerika Kusini, na uzuri wa maua ndio uliolisambaza duniani. Waliokuwa Mwanza miaka ya 1990 wanakumbuka lilivyofunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi. Aliye nalo aling'oe kabla halijachanua, alianike mbali na maji hadi likauke kabisa, kisha alichome.

Maofisa afya wa kata hupita majumbani kukagua vyoo na mazalia ya mbu. Naomba halmashauri iwaagize watazame na kinachoelea vibwawani.

Anayetaka mbegu ya azola aje na ndoo yake, bure.

Mfuga bata,
Mingoyo, Lindi