Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hali ya tuta la bwawa letu

Wanachama wapendwa, wazee wetu, ba mama na ba papa,

Mambo ya michango na ya kibanda kipya mtayasikia kwa mtunza fedha. Mimi karibu nafasi yangu yote naipa tuta. Ndilo linaloshika maji, na chini yake wapo watu wasio wanachama: ba mama wanaolima lengalenga bondeni, vijana wanaochoma matofali, na nyumba zilizojengwa miaka hii ya karibuni, kwa maana Lubumbashi inazidi kupanuka. Hao hawaogelei hapa wala hawali michopo yetu, nyama ya kuchoma ya Jumapili, lakini tuta likikatika, wao ndio watakaopatwa kwanza.

Wavuvi wetu waliomba tuweke wavu wa chuma kwenye mdomo wa mfereji wa pembeni, ule unaotoa maji yanapozidi, ili makobo, samaki wetu, wasichukuliwe na mvua. Kamati ilikataa, na ni haki yenu kujua sababu. Tarehe 31 Mei 1889, huko Pennsylvania nchini Marekani, tuta la South Fork lilivunjika. Lilikuwa la udongo kama letu, ingawa kubwa zaidi, urefu wake kwenda juu karibu mita 22, nalo lilikuwa mali ya chama cha watu waliokwenda kuvua na kupumzika. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yaling'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu kabla chama hakijanunua mahali pale, na chama hakikuyarudisha. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapate kupishana. Mfereji nao ukawekewa vyuma vya kuzuia samaki. Ikaja mvua kubwa, matawi yakaziba vile vyuma, maji yakapita juu ya tuta na kulichimba mpaka likakatika. Katika mji wa Johnstown na vijiji vya bonde lile walikufa watu zaidi ya 2,200. Waliofanya mambo hayo hawakuwa na nia mbaya: walitaka samaki, njia pana na matumizi madogo, kama sisi tunavyotaka.

Kwa hiyo wavu hautawekwa, mwaka huu wala mwaka ujao, maadamu niko kwenye kiti hiki. Magari nayo hayatapita tena juu ya tuta. Pale yanapovukia wageni kilele kimeshuka, na maji yakipanda yatatafuta papo hapo. Tuta la zege laweza kuvumilia maji kulipita juu kwa muda. La udongo humegwa upande wa nyuma hadi likatike.

Nije kwa mchwa. Sisi watu wa Katanga tumezoea kuviona vichuguu virefu kuliko nyumba, na udongo wake tunaupenda kwa matofali. Lakini kichuguu kilichoota kwenye tuta kina vyumba na njia ndani yake, na maji yakizifikia njia hizo yatapita humo yakibeba udongo kidogo kidogo. Upande wa mashariki tumepata vichuguu vichanga. Kumwaga dawa peke yake hakutoshi: mchwa watakufa, shimo litabaki. Lazima tuchimbe hadi chumba cha malkia, kisha turudishe udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, tabaka jembamba kwa tabaka, kila moja likishindiliwa kabla ya lingine. Ni kazi ya kipwa, wakati wa ukavu. Mvua za Novemba zikianza tutakuwa tumechelewa.

Miti pia. Najua wengi wanapenda kivuli cha mikaliptusi iliyoota mgongoni mwa tuta. Itaondolewa pamoja na visiki, maana mzizi ukioza huacha bomba la wazi udongoni. Tutapanda majani yanayotambaa, na yafyekwe mafupi ili jicho lipate kuona ufa au unyevu.

Unyevu upo, kule kwenye kitako upande wa chini. Maji yanayotoka ni meupe, safi. Mlinzi anayapima kwa ndoo na saa, na anaandika kwenye daftari. Tuta la udongo kuvuja kidogo si ajabu. Hatari ni maji kuongezeka wakati bwawa halijapanda, au kutoka yakiwa na rangi ya udongo. Yakitokea hayo, mtu yeyote asizibe pale kwa udongo, kwani maji yatatafuta pengine. Huwekwa mchanga kwanza, juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe, ili maji yatoke na udongo ubaki. Rundo la kila kimoja litakaa karibu na geti kabla ya mvua, na halitachukuliwa kwa ujenzi wa kibanda.

Wanaotaka tushushe maji haraka ili tuvue samaki wote kabla ya sikukuu, naomba wavumilie. Udongo wa upande wa ndani umelowa. Maji yanayouegemea yakiondoka ghafla, huporomoka. Tutashusha polepole.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa la shamba lilivunjika na kuua watu zaidi ya 40. Tangu nisome habari hiyo nawaza jinsi ya kuwafikia watu wa bondeni usiku. Kamati inapendekeza filimbi na simu: mlinzi awe na namba za watu wa kuaminika kule chini, nao wenyewe watuambie njia ya kukimbilia juu. Mama mmoja mkulima amekubali kutuitia wenzake tukutane.

Leo naomba kura zenu kwa jambo moja: fedha za kibanda zihamishiwe kwenye mfereji, vichuguu na kilele. Mkikubali, kazi itaanza Jumatatu. Wenye majembe, toroli na vishindilio, waandikishe majina kwa katibu kabla ya kuondoka.